Kulia ni Kufunga

Mwanjelwa, mwezi wa sita, saa mbili asubuhi.
Loleza umejifunika ukungu hadi masikioni.
Sekela alipuliza vidole kabla ya kushika bisibisi.

Nilimpelekea vitu viwili:
taa ya sola, niliyoinunua mwaka jana,
na redio ya marehemu baba, iliyonizidi umri.

Taa aliigeuza, akaizungusha, akaitafutia mlango.
Haina. Imezibwa gundi pande zote
kama mtu aliyekataa kusema.
“Mficha uchi hazai,” akasema,
akapasha kisu kwenye jiko la mkaa.
Plastiki ikanuka, ikapasuka vibaya,
na betri, ya bei ya mafungu mawili ya viazi,
ikatutazama toka kwenye kifusi.
Betri ingepatikana.
Taa ndiyo haipo tena.

Redio, basi.
Parafujo sita mgongoni. Tano ndugu,
ya sita ina kichwa cha msalaba,
mgeni aliyekaribishwa zamani akazoea.
“Kushoto kufungua, kulia kufunga,”
akanipa bisibisi yenye mpini wa mpira wa baiskeli.

Kulia kufunga.
Nikakumbuka tulivyolia siku ile
mpaka udongo ukajaa. Sikusema kitu.

“Usiilazimishe. Ukiwa na hasira kichwa kinalika,
na mlango umekufa.”
Tano zikatoka zikilalamikia kutu.
Ya sita ilidai tone la mafuta ya cherehani.
Tukazipanga kwenye kifuniko cha kopo
vilevile zilivyokaa,
maana kila moja na tundu lake.

Mgongo ukaachia.
Vumbi, mayai ya mende, waya mmoja uliokatika,
na ubavuni, kwa penseli:

*Anyosisye, Tukuyu, 3/1984. Spika.*
*Anyosisye tena, 1991. Swichi.*

Na chini yake mwandiko ninaoujua,
ule uliosaini ripoti zangu zote za shule:

*Nimejaribu mwenyewe. Parafujo moja imepotea. 2003.*

Baba! Miaka yote alituambia
redio ilijipona yenyewe.

Sekela akauunga waya, risasi ikafuka moshi.
Akaandika jina lake na tarehe, herufi ndogo,
akaacha nafasi ya kutosha chini.
Kisha akanirudishia bisibisi.

Ile ya msalaba niliibakiza mwisho.
Nikaifunga kwa kulia.
Sekela akajifanya anatafuta chenji.