Milimita

Chupa ya soda ilinivunjikia karoni, Kibokoni,
Alhamisi, mikono ina sabuni, mfereji umekauka.
Damu niliiona. Maumivu sikuyaona.
Kidole cha shahada kilikuwa palepale, kimekaa,
kama mgeni aliyezinduka sebuleni
asijue amelala nyumba ya nani.

Daktari wa Makadara alinishona neva
kwa uzi mwembamba kuliko unywele.
Nilimwambia, nusu kaputi haijanishika sawasawa,
"Nionyeshe fundo."
Akacheka. Mimi ni fundi wa kofia,
miaka thelathini na moja natoboa vitobo na kuvizungushia uzi.
Siwezi kumwachia mtu mshono bila kuutazama.

Kila Jumatatu Nyamvula, tabibu wa viungo,
hunigonga kwa ncha ya kidole chake, ko, ko, ko,
kuanzia kovuni kwenda kiganjani,
hadi nishtuke: "Hapo! Umeme!"
Hapo hutia alama ya kalamu ya buluu.
"Neva imefika hapa. Milimita moja kwa siku, ikipenda."
Nikioga nazilinda alama zile kama hina ya arusi.

Nilimuuliza inakula nini huko njiani.
Akachora nyuma ya kadi ya kliniki:
kiini cha neva kiko huku shingoni, kando ya uti wa mgongo,
na mkia wake, mmoja, mrefu, washuka
begani, kiwikoni, hadi ukuchani, bila fundo.
Bila fundo ila langu.
Protini hutengenezwa shingoni,
zikabebwa na vichukuzi vya miguu miwili,
mzigo kichwani, hatua kwa hatua,
juu ya reli ambayo jicho haliioni.
"Mahamali wa Kilindini," nikasema.
"Hamali hulala," akanijibu.

Lakini lililonikalisha kitako ni hili:
ncha nayo hula.
Ncha ile iliyokatwa, kipofu, gizani mwa nyama,
ikigusa protini iliyotemwa na jirani,
utando wake hubonyea, hubonyea, ukajifunga,
kifuko kikazaliwa ndani, tonge limo.
Wala kifuko hakibaki kule. Hushika njia ya kurudi,
hupanda mkono mzima kwenda shingoni kusema:
tupo huku, tuleteeni vya kujengea.
Kiini kisichopata habari ya ncha
hunyong'onyea. Huweza kufa
kikiwa na kila kitu ila habari.

Nikaikunja ile kadi, nikaitia mkobani.
Nilipofika Kuze nikampigia Shekue,
mwanangu, yuko Mariakani, miezi minne kimya.
Sikumuuliza pesa. "Sema neno lolote," nikamwambia.
Akasema, "Huku kuna vumbi, mama."
Lilinitosha hadi Ijumaa.

Sasa ni mwezi wa tano. Alama za buluu
zimevuka kiganja, zimevuka pingili ya pili.
Usiku kidole huwaka, hupiga kelele zisizo na maana:
baridi hukiita moto, leso hukiita msumari.
"Kinajifunza kusoma," asema Nyamvula.
Kofia ya Mzee Bwanaheri iko juu ya kabati, nusu duara,
sindano imechomekwa palepale nilipoiacha.
Amekuja mara tatu. Haulizi.
Hutazama mkono wangu, hunywa maji, huenda.

Jana niliichomoa ile sindano, nikafumba macho,
nikajidunga ncha ya kidole.
Hamna.
Nikashuka upana wa uzi mmoja. Hamna.
Nikashuka tena, na tena,
na mbali, mbali sana,
kama mtu anayebisha mlango wa jirani...

Nikatulia, nisikilize kama ni kwetu.