Damu ya Saa Nne Usiku

Mdudu huyu hana habari na mchana.
Mchana anajibanza huko ndani, kwenye mapafu,
na ukimtafuta jua likiwa la utosi
utakuta damu safi, damu ya kusifiwa.
Usiku, mbu anapoamka, naye anaamka,
anapanda hadi chini ya ngozi kama mtu anayewahi miadi.
Ndiyo maana tulifika Yale Yale Puna saa nne usiku,
mimi, Nyamizi wa maabara,
na jenereta ya kuazima iliyokohoa njia nzima.

Sasa hebu niambie wewe:
umelala, mlango umekomewa,
mtu anabisha, anasema, "Hodi, tumefuata damu."
Utafungua?

Kwa Bi Sikudhani mlango ulijibu, "Hatupo."
Watoto ndani wakacheka, wakanyamazishwa.
Kwa Mfaume Kisoma tulifunguliwa, kwa panga.
"Bibi yangu alinieleza habari zenu," akasema.
"Mumiani nao walikuja na taa.
Nao walikuwa na adabu."

Nikampa kitambulisho. Akakigeuza nyuma
kama noti anayoitilia shaka.
Shuka kalifunga juu, kifuani, mafundo mawili,
na alisimama vile anavyosimama mtu
mwenye mzigo asio na wa kumtua.
Mficha uchi hazai, wanasema.
Kisoma ana watoto saba.

Sikuwa na la kumwambia. Mimi na mguu wa baba
tulikua pamoja, nao ukanizidi.
Shangazi zangu walisema kakanyaga tego la jirani;
mganga akala mbuzi wawili,
mguu haukupungua hata unene wa uzi.
Siku ya msiba, waliomwosha
walitoka nje bila kutazamana.

Basi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
"Nianze mimi," nikamwambia Nyamizi.
Pamba. Spiriti. Kidole cha pete, mkono wa kushoto.
Tone likachomoza, punje ya ulezi,
likapakwa kwenye kioo.
"Ndiyo hiyo?"
"Ndiyo hiyo."
"Na chupa iko wapi?"
"Hakuna chupa."
Kisoma akaliegemeza panga kwenye kinu.
"Kunguni wa kitanda changu," akasema,
"ana tamaa kuwashinda ninyi."
Akatoa kidole.

Wakaja mkewe na wale saba, wawili wakisinzia wima.
Akaja Bi Sikudhani, ambaye hakuwepo,
na nyumba nzima ya wasiokuwepo nyuma yake.
Kufika saa nane tulikuwa na vioo mia na kumi na viwili,
na mbu walikuwa wamekula kutuzidi.

Jenereta ikazima. Gizani, karibu na sikio langu:
"Na hiki nilicho nacho, kidonge kitakiondoa?"
Ningeweza kumdanganya; usiku unaruhusu.
"Hapana. Kidonge kinawaua wadogo walio kwenye damu.
Hicho chako kinataka kisu cha daktari.
Nikuandike kwa namba?"
Akakaa kimya mpaka nikadhani kaondoka.
"Andika jina," akasema. "Lote."

Asubuhi, ofisi ya mtaa, darubini dirishani.
Vioo vimekauka, vimetiwa rangi ya zambarau.
Nyamizi anasoma, mimi naandika:
hakuna, hakuna, hakuna, wanne,
hakuna, kumi na mmoja.
Alikuwa ameanzia mwishoni, sijui kwa nini,
akafika namba moja wakati chai imeshapoa.
Hapo jicho lake likakaa.
Akaliinua, akaniangalia, akalirudisha.

"Soma," nikamwambia.

"Watatu. Wamejikunja kama vipande vya uzi
vilivyodondoka kwa fundi cherehani."

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu:
mwandiko wangu, jina langu,
na kisanduku kitupu upande wa kulia.
Nikajaza tatu. Nikaipigia mstari
kama nilivyowapigia wengine.

Kisha nikainama chini ya meza
kutazama miguu yangu ndani ya ndara.
Miwili. Iko sawasawa.
Nikaibana pamoja kupima tena.