Kabati la Tatu

Miaka ishirini na miwili nimetembea na funguo hizi;
zimetoboa mifuko, zimeniachia kovu pajani.
Majalada ya hospitali, hapa Kakamega,
nayajua kwa migongo yake: lililolowa paa lilipovuja,
lililotafunwa na panya pembeni,
lile la marehemu ambalo mjane wake huja kuliulizia
kila Ijumaa, kana kwamba ni barua.

Wengi wamenibembeleza. Mama mkwe wa mtu
aliniwekea ndizi mbivu mezani:
"Niambie tu, Shivachi, yule msichana ana nini?"
Nikamrudishia ndizi zake. Moja nilikula, sikatai.
Nikamwambia, mimi ni mlinzi wa nambari,
majina nayaacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Basi Jumatatu wakaleta kadi.
Kijana Lihanda wa kompyuta, hata ndevu hajaota,
akanionyesha: kabati la kwanza, fungua. La pili, fungua.
La tatu, hapana. La tatu ni la daktari
na muuguzi mmoja.
Nimeiba nini? nikauliza.
"Hujaiba, mzee. Ni utaratibu."
Neno hilo likanikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Nilinuna hadi Alhamisi.

Alhamisi nikamwona Khasandi kwenye foleni,
binti yangu, dirisha la mwisho,
leso ameivuta hadi kwenye nyusi.
Aliniona. Akageukia ukuta,
tangazo la surua la mwaka juzi,
akalisoma neno kwa neno.

Jioni, wote wamekwenda, nikaichukua kadi.
Mimi, niliyerudisha ndizi.
Taa ikawaka nyekundu.
Nikaifuta kadi kwenye shati, labda ni jasho.
Nyekundu.
Nikaketi sakafuni, mgongo kwenye chuma baridi,
mvua ikaanza juu ya mabati, kubwa, bila kubisha hodi,
nami nikaishukuru kufuli
iliyonijua kuliko nilivyojijua.

Usiku alinipakulia ugali na mrenda,
mwiko ukimtetemeka kidogo mkononi.
Nikamwuliza kama mahindi ya bondeni yamepaliliwa.
"Bado mistari miwili," akasema.
Akanitazama, akitafuta kitu usoni mwangu,
hakukiona,
akaniongezea mboga.