Nambari ya Chesisi

Daftari lilikuwa la baba,
fundi cherehani wa Kibokoni,
mchana akikata kanzu,
usiku akilala na buti kando ya mlango, ncha zimeelekea nje.
Ukurasa wa kwanza, kwa penseli:
magari matatu ya zimamoto, nambari tatu za chesisi,
chini yake wale wa kujitolea:
Dourado, karani wa reli,
Taibali, muuza misumari,
Mbaruk Shebwana, mpishi wa biriani,
na kando ya jina lake, "huyu moshi ameuzoea."

Hakuna aliyelipwa. Walipewa kofia.

Gari la kwanza walilibandika jina Bi Harusi:
halikufika mahali kwa wakati,
na likifika watu wote husimama.
Nimelifuata hadi Kibarani, kwa Nzaro wa vyuma chakavu.
"Huyo n'limuuza kwa kilo," akanambia,
"mlango leo, boneti kesho. Kengele sikuipima."
Kengele i wapi? Akanitazama
kama niliyemuuliza mahari ya mkewe.
Ipo Jomvu, shuleni, kwenye tawi la mkorosho.
Nimeisikia saa nne ikilia:
iliyokimbiza watu wazima kuelekea moto
sasa yakimbiza watoto kuelekea uji.

La pili, Kifaru, linauza maji Mishomoroni.
Limepakwa buluu, limeandikwa MAJI MATAMU NI HAYA,
ila ubavuni, lilipokwaruzwa na lori,
wekundu wachungulia.
Madumu yamepanga foleni toka alfajiri,
kila moja na uzi wa mwenyewe shingoni.
Nilipiga magoti kwenye tope,
nikafuta grisi kwa ncha ya leso
hadi tarakimu ya mwisho.
Dereva akadhani nimetumwa na kaunti.
"Leseni ninayo, mama!"
Nikamwambia gari hili lilizima moto Shimanzi
kabla hajazaliwa.
Akacheka. "Na walilipwa ngapi?"
Bure.
Akaacha kucheka. Akanijazia chupa yangu,
hakutaka pesa.

La tatu halina nambari.
Baba aliifuta kwa raba hadi karatasi ikatoboka.
Miezi saba nimeuliza: bandarini, minadani,
gereji za Makupa, ambako kila fundi alilijua
na kila mmoja alijua jingine.
Mwishowe Zehra, bintiye Taibali,
akafunga duka mapema, akaketi juu ya gunia la misumari.
"Usiku wa ghala la pamba lile gari halikuwaka.
Betri yake ilikuwa kwenu,
ikiwasha taa za harusi yako.
Mbaruk hakungoja maji. Ndani mlikuwa na mlinzi."

Nazikumbuka zile taa.
Kijani, nyekundu, kijani.
Nakumbuka baba akiondoka, sahani yake haijaguswa,
nami nikanuna.

Mjane wa Mbaruk anakaa Kongowea.
Hakuniuliza nimefuata nini.
Akatangulia uani, akafukuza kuku.
Lilikuwa hapo, juu ya matofali,
halina magurudumu, halina taa,
ngazi imeliwa na kutu.
Lakini kiti cha dereva kimeshonwa upya
kwa kitambaa cheupe cha kanzu,
na ule mshono naujua,
niliuvaa utoto wangu wote.
"Alilinunua kidogo kidogo," akasema.
"Kila Ijumaa alikuja. Hatukuwa tukizungumza sana.
Namletea kahawa, anainama pale mbele,
anamaliza, anakwenda zake."

Akainua boneti.
Palipokuwa na injini waiona ardhi,
na manyoya, na yai moja.
Pembeni, kwenye sanduku lake,
betri,
vichwa vyake vimepakwa grisi,
nyaya zimekazwa.