Ala

Mfunguo Nne ukiandama, Nene Besse
alitufukuza sebuleni sote, hata paka,
akavuta pazia, akakata ndimu saba
kwa kisu kile kile cha kuparia samaki wa ziwani.
Tulisikia maji. Tulisikia Yasini.
Kisha ubani ukapenya mbao za sakafu
ukatukuta chini ya nyumba, kati ya nguzo,
tukihesabu mayai ya bata.

Badiki ya babu yetu wa saba, walisema,
hulia usiku janga likikaribia.
Walisema mwaka soko la Sengkang lilipoungua
ilichomoka yenyewe, nusu shubiri,
na moto ukaikwepa nyumba yetu.
Usimwelekezee mtu. Usiiruke.
Mja mzito asilale nayo chumba kimoja;
ila mama alilala nayo, alipokuwa na mimba yangu,
maana chumba chenyewe kilikuwa kimoja.

Kaka Mappasessu akarudi kutoka chuoni
na ndevu changa, suruali juu ya vifundo.
"Nene, chuma hakisikii.
Hii ni shirki iliyoviringishwa hariri."
Nene akamtazama kama mtu anayetazama deni.
"Namwomba Mungu," alisema. "Hiki nakiosha tu.
Na wewe nilikuosha. Nani alikuabudu?"

Mwaka ule Ziwa Tempe lilipanda ngazi zetu.
Maji yalipofika ya nane
baba alibeba cherehani, mama vyeti,
Nene kitita cha manjano, kifuani,
kama mtoto aliyelala.
Akipanda mtumbwini mguu ukateleza.
Kaka akadaka alichokiwahi: mpini.
Ala ikabaki kwa Nene.

Na kwenye mpini hapakuwa na chuma.
Palikuwa na kijiti cha mwanzi
kilichochongwa kwa subira,
kimepauka kwa ndimu za miaka kumi na minane.

Injini ilikohoa. Baba akageukia maji.
Miaka kumi na minane ndiyo umri wangu.

"Alitanguliza miguu," Nene alisema,
"usiku, mvua, na daktari wa Parepare
alitaka fedha mezani kwanza.
Babu yake wa saba akazitoa."
Akajifuta tope kwenye goti.
"Sasa niambie, msomi, nimeabudu nini?"

Kaka hakujibu. Aliurudisha mpini alani,
kwa mkono wa kulia, taratibu,
bila kumwelekezea mtu.

Siku hizi ndimu nanunua mimi.
Nene amelala kaburini, upande wa mkuyu,
na sijui hasa ninachokiosha.
Kaka huja. Hasemi ni shirki, hasemi si shirki.
Huketi chini, kati ya nguzo,
akihesabu mayai ya bata kwa sauti kubwa,
anakosea, anaanza tena,
asije akaitikia Yasini aliyoihifadhi.