Gramu Mbili

Mfupa wenu umenifikia Ottawa Jumanne,
umeviringishwa karatasi ing'aayo ya jikoni,
na juu ya bahasha mwandiko wa Delvina Kakakaway:
Shamba la Pidskalny, shimo la tano,
kina sentimita themanini na mbili,
ubavu wa nyati. Tafadhali usiumalize wote.

Nisamehe, Delvina. Kazi yangu ni kumaliza.
Ili mfupa utaje umri wake
sharti uoshwe kwa tindikali, uchujwe gundi yake,
uchomwe, ugeuke hewa, na hewa ihesabiwe.
Niliupima: gramu mbili.
Mnyama wa ratili elfu mbili, nundu kama kichuguu,
amebaki uzito wa punje saba za mahindi.

Alikula nyasi, nyasi zilikula hewa,
na hewani mna kaboni ile isiyotulia.
Siku alipoanguka hakuongezewa tena.
Akawa anapungua, nusu, kisha nusu ya nusu,
haba na haba, kibaba kikimwagika.

Barua zenu nazisoma kuliko ninavyolipwa kuzisoma.
Najua mawe yaliyopasuka kwa moto,
najua shimo lililotandikwa ngozi, likatiwa maji,
mawe mekundu yakitumbukizwa hadi mafuta ya uboho yaelee.
Najua kifupa cha ndama asiyezaliwa,
hakizidi kidole cha shahada,
kilichowaonyesha kwamba baridi ilikuwa ukingoni
na theluji imeota gamba.
Walikuwa na njaa, au walikuwa na karamu.
Hilo hakikusema.

Sampuli tatu. Mbili zinapatana.
Ya tatu, mkaa, inajidai changa
kwa miaka elfu moja na mia.
Delvina anamshuku kindi wa ardhini,
mchimbaji asiye na kibali.
Mzee Orest Pidskalny anasema huyo
alishamvunjia farasi mguu,
atashindwaje kuvunja tarehe?

Jibu basi: miaka elfu nne mia moja na tisini
kabla ya sasa,
kuongeza au kupunguza thelathini.

Sasa yetu sisi wa maabara
tuliipigilia msumari mwaka wa hamsini,
kwa kuwa mabomu yaliichafua hewa iliyofuata.
Nilipomweleza, Delvina alikaa wiki mbili kimya.
Kisha: Mwaka huo ndio basi lilimchukua bibi yangu
kwenda shule ya bweni ya mapadri.
Ana miaka saba. Wakamkata nywele.
Kumbe tangu siku ile anaishi baada ya sasa.

Sikuwa na fomu ya kujibu hilo.

Nilichoma gramu moja na robo.
Iliyobaki nairudisha katika bahasha ileile,
posta ya kawaida, itachelewa,
na haitajaza hata kiganja cha mtoto.
Mwambie bibi tanuri halikutoa harufu.
Niliinama kabisa, nikanusa.
Nilidhani ningesikia nyama.