Beseni la Nyalenda

Ndara ya kushoto ilikatika kamba Jumanne;
ya kulia Hawi kaificha, mtu asiitupe.
Leo mvua imetufungia ndani.
Naichonga kwa kisu cha sukuma,
naidunga njiti ya ufagio,
tanga ni pakiti ya unga, maandishi yamepinda.

Beseni la kufulia ndilo ziwa.
Hawi anapakia maharagwe: matatu, matano, tisa.
“Usizidishe,” nasema. Anazidisha.
Chombo chalala ubavu, chamwaga shehena,
chaibuka kitupu, hakina haya.

Ochola hana subira ya zamu:
kaingia na viatu vyake,
na ziwa lote
likahamia sakafuni.

Sasa tuko magotini sote watatu, chini ya kitanda,
tukiokota chakula cha jioni
punje kwa punje.